Profesa wa Kula Ndakala

— Wewe njo ulimutukana, siye mimi!

— Nilimutukana juu nilizania ni wewe!

— Sauti yangu na ya muzee wa miaka sitini zinafanana wapi?

— Kila siku zinafanana! Juzi ulikuwa padri, mwezi jana ulikuwa…

— Djamila, niache kwanza nimalize…

— Umalize nini? Dosie yangu imekufa, Maliki! Imekufa, na wewe ulikuwa unacheka!

— Sikucheka. Nilikohoa.

— Ulicheka!

— Nilikohoa na meno nje!

Mama Victorine, mwenye nyumba ya foni, alivua ndala yake akapiga meza.

— Nyamazeni! Hapa ni kwa foni. Muntu mumoja anasema, akimaliza anasema "À vous", anaachia kitufe, mwenzake njo anajibu. Hamujui kazi? Munanifukuzia wateja!

Wateja wenyewe hawakuwa na haraka ya kufukuzwa. Walijisogeza kwenye benchi, wakapeana karanga, macho mbele.

Mwaka ulikuwa elfu mbili na moja. Kalemie ilikuwa upande huu wa vita, Lubumbashi upande ule, na simu ilikuwa hadithi ya zamani. Mwenye kutaka kusemezana na ndugu yake alikuja hapa sokoni, kwenye redio ya Mama Victorine yenye maikro moja na batri ya lori. Maliki, fundi wa sauti, alimuitia kituo. Na kila aliyekuwa na redio kwenye laini ile, kuanzia Ankoro mpaka Bendera, alisikia yote. Mimba, madeni, kilio, yote ilipita hewani mchana kweupe.

Maliki hakuzaliwa kwa kazi hiyo. Alikuwa anasoma Lubumbashi, amebakiza mwaka mumoja apate shahada, akaja Kalemie kupumzika. Vita ikafunga njia nyuma yake, na ile ya kuzunguka Zambia ilitaka pesa ambazo hakuwa nazo. Shahada ikabaki kule na wazee wake wote, yeye akabaki huku na utani.

Djamila alikuwa asistanti kwenye chuo kimoja cha muji. Alianza kuja pale kwa utafiti wake: posa za foni. Alitaka kujua jinsi familia zilizotenganishwa na vita zinavyoombana wachumba hewani, watu wote wakisikia. Alikuja kwa utafiti, akabaki kwa Maliki.

Na baba yake, Papa Souleymane, mufanyabiashara wa vitenge vya Kigoma, alishasema neno lake:

— Binti yangu simupi mwanaume ambaye kazi yake ni kujifanya muntu mwingine. Tena hana hata muzee mumoja wa kuja kumuombea. Anataka nimujibu nani, redio?

Sasa, dosie. Djamila aliomba nafasi ya doktora Lubumbashi. Karatasi zake zilipanda boti mpaka Mpulungu, zikakata Zambia kwa lori, zikaingia Lubumbashi kwa mulango wa nyuma. Profesa Lambert akazisoma, akazipenda. Lakini alitaka kumusikia mwenyewe kwa foni kabla ya wenzake kukutana, na wenzake walikuwa wanakutana leo, saa nane mchana.

Asubuhi hiyo Maliki alitoka kutafuta maji ya batri, akamuachia Djamila maikro. Redio ikakoroma.

— Hapa Profesa Lambert, Lubumbashi. Naomba Mademoiselle Djamila. À vous.

Djamila alijua rafiki ya Maliki ana redio kule bandarini. Alijua pia tabia ya Maliki ya kuigiza sauti za watu. Akabonyeza kitufe akicheka.

— Profesa gani? Profesa wa kula ndakala, dagaa za sokoni! Sauti kama mbuzi mwenye mafua! Ujifanye profesa, ujifanye rais, Papa hakupi binti. Na leo usikuje kwetu, sikuwekei hata kichwa cha samaki. À vous, mupumbavu!

Sauti ya muzee ikasema polepole:

— Lubumbashi, terminé.

Laini ikakatwa. Djamila akageuka. Maliki alikuwa amesimama mulangoni, chupa ya maji ya batri mukononi, meno nje.

Ugomvi ulianza hapo hapo. Na sasa ulikuwa umefika kwenye ndala ya Mama Victorine.

— Muite profesa, akasema Djamila, sauti imeshuka. Utani wako utaumaliza kesho, sasa umuite.

Maliki alikaa kwenye redio. Aliita Lubumbashi mpaka koo likakauka. Saa kama ile, Lubumbashi haikusikia Kalemie. Kituo cha Pepa tu, kule juu mulimani kwa wafuga ng'ombe, kilisikia pande zote mbili. Fundi wa kule alikuwa dada mumoja anaitwa Domitille.

— Pepa, Pepa, hapa Kalemie. Domitille, niitie Lubumbashi haraka, wamutafute Profesa Lambert. À vous.

— Kalemie, hapa Pepa. Nani anasema? À vous.

— Maliki. À vous.

Redio nzima ilicheka.

— Leo uko nani, kaka? Mwezi jana ulikuwa daktari wa mifugo, ukasema kesho unapita kukagua usafi. Tuliosha ng'ombe na sabuni, Maliki! Sabuni, na vita hii! Watoto wetu walikaa wachafu, ng'ombe wananukia kama bibi arusi! À vous.

— Bendera hapa! sauti nyingine ikaingia. Sisi alituambia mamba ameingia kwenye mashine ya umeme. Tulizunguka na mikuki asubuhi yote!

Benchi ilikuwa inajifuta machozi. Hata askari aliyewekwa pale kusikiliza siri za adui aliinamisha kofia yake asionekane.

— Domitille, leo ni kweli. Wallahi. À vous.

— Siku ya mamba pia ulisema wallahi. À vous.

— Naapa kwa mama yangu! À vous.

— Wiki jana wewe njo ulikuwa mama yako! À vous.

Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia saa nane. Papa Souleymane aliingia wakati huo, kofia kichwani, tasbihi mukononi. Soko lote lilishamupa habari. Alikaa mwisho wa benchi, akamutazama binti yake aliyejifunika uso na mutandio.

Maliki naye alimutazama. Mutandio wa Djamila ulikuwa umelowa machozi.

Akabonyeza kitufe. Safari hii hakukaza sauti, hakuilegeza. Ilitoka sauti yake tu, na wengi pale hawakuwahi kuisikia.

— Pepa, usikate. Hapa kuna dada anaitwa Djamila, binti ya Souleymane. Ninamupenda. Dosie yake ikipita, yeye anaenda, mimi ninabaki, na njia ya kurudi hakuna anayeijua. Asubuhi nilipoona imeharibika, roho yangu ilifurahi. Njo nilicheka. Sasa analia hapa pembeni yangu, na ninaona haya kuishika hii maikro. Domitille, cheka unavyotaka. Lakini muitie profesa wake. Djamila aende asome. Mimi nitamungoja. À vous.

Hakuna aliyetafuna karanga.

— Kalemie… akasema Domitille, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Miaka mbili unatuchezea na majina ya watu. Shefu, padri, mama mukwe wangu. Jina la Djamila hujaliweka hewani hata siku moja, hata tukikuulizia yule dada wa posa unageuza maneno. Tulikuwa tunajua unamupenda, tulikuwa tunangoja tu umutaje. Kaa hapo hapo. Lubumbashi, Lubumbashi, hapa Pepa! Ni jambo la haraka!

Djamila akashusha mutandio.

— Kumbe ulicheka.

— Nilicheka.

— Na ulisema ulikohoa.

— Nilikohoa pia, kidogo.

— Utaningoja kweli? Miaka mine? Mitano?

— Nina kazi gani nyingine? Kuosha ng'ombe?

Djamila alitaka kukasirika, midomo ikamukatalia. Redio ikakoroma tena. Hewa ilikuwa imefunguka kidogo, sauti ilikuja ya mbali, lakini safi.

— Kalemie, hapa Profesa wa Kula Ndakala. À vous.

Djamila aliruka juu. Alishika maikro kwa mikono miwili.

— Papa Profesa, naomba unisamehe! Nilizania ni muntu mwingine! À vous.

— Mama wa Pepa amenielezea. Mbuzi mwenye mafua anakusamehe. Sasa jibu, wenzangu wananingoja. Zamani posa ilisemwa sebuleni, wazee wachache. Wewe unaandika juu ya posa inayosikiwa na watu mia hewani. Posa ya namna hiyo ina uzito gani? À vous.

Djamila alivuta pumzi.

— Ina uzito zaidi, Papa Profesa. Ya sebuleni, wazee wakikosana, kila mumoja anakana. Ya hewani haikanwi. Nimeona muzee wa Ankoro anajaribu kugeuza neno lake, vituo vitatu vikamusahihisha palepale. À vous.

— Ankoro hapa, ni kweli, tulimusahihisha! ikaingia sauti.

— Ankoro, ungoje zamu yako, akasema profesa. Mademoiselle, na hewani watu wanadanganya. Asubuhi hii umeona mwenyewe. Utajuaje neno la kweli? À vous.

Djamila alimutazama Maliki. Maliki alitazama batri.

— Wasikilizaji wanajua kuliko mimi, Papa Profesa. Wanajua muntu anataja nini na anaficha nini. Leo wamesikia maneno mengi ya muntu mumoja, wakayakataa yote. Jina moja tu likawafanya wasimame. Hilo nataka kwenda kila kituo niwaulize: mulijuaje? À vous.

Benchi nzima iliinama mbele.

— Mademoiselle Djamila, nimekukubali. Saa nane nawaambia wenzangu. Fanya mupango usafiri, njia ile ile ya dosie yako. À vous.

Soko lililipuka. Mama Victorine alipiga vigelegele na ndala juu. Pepa, Bendera na Ankoro zilisema pamoja, mambo yakawa kelele tupu. Djamila alimushika Maliki mukono mbele ya baba yake, halafu akakumbuka, akauachia.

Papa Souleymane alisimama. Kelele zikashuka. Alipita katikati yao wote wawili, akanyosha mukono.

— Leta hiyo maikro.

— Papa, tafadhali, usikatae, akasema Djamila.

— Nimesema leta.

Maliki alimupa. Muzee aliigeuza, akatafuta kitufe, akakibonyeza kwa kidole gumba kama anaziba tundu.

— Papa Profesa, asalam aleikum. Mimi ni Souleymane, baba ya Djamila. Nimesikia. Njia ya Mpulungu ni ndefu, na binti yangu hataifanya peke yake. Hapa pembeni yangu kuna kijana wa kelele nyingi na nusu shahada, nusu ile nyingine iko kwenu. Nilimukatalia juu hana muzee upande huu. Maisha yangu yote sijasikia baba ya binti anaomba aombwe. Lakini vita imegeuza mambo mengi, na hili nalo ligeuke. Wewe uko upande wa wazee wake, kaa mahali pao, na Ankoro, Pepa, Bendera wanasikia, hakuna wa kukana.

Akakohoa. Huku kukohoa kulikuwa kwa kweli.

— Nakuomba, Papa Profesa, uniombe binti yangu. À vous.