Mvua Iliyonyesha kwa Woga

Haya nilisimuliwa na mama mdogo wa mwalimu mwenyewe, wakati wa mvua za mwaka jana, tukikunja nguo zilizokataa kukauka.

Mwalimu huyo alifundisha insha, na wenzake walimwita Chujio, maana kazi ya kunakili haikupita kwake. Hakuwa mkali. Mwanafunzi akileta insha, alimkalisha, akaifunika karatasi kwa kiganja, akamwambia amsimulie alichoandika. Aliyeandika mwenyewe hukwama, hurudi nyuma, hujisahihisha, lakini hufika. Aliyeandikiwa hutiririka kama kasuku, au hunyamaza. Shule nyingine zikamwomba awafundishe walimu wao namna ya kuzuia wizi huo na kuugundua. Naye hakuacha kuwaambia kwamba mwanafunzi mgumu kumkamata si yule mjanja, ni yule unayempenda.

Siku moja alipeleka maelezo ya somo hilo yakachapwe kwenye duka la fotokopi, chumba cha shule kilichopangishwa pale getini. Wanafunzi wamejazana, mashine inanguruma, matone yameanza kugonga bati. Gauni lake la kijivu lilikuwa limelowa mabegani. Mchapaji, mwanamume mrefu wa shati la mistari lenye doa la wino mfukoni, alisoma kichwa cha maelezo akacheka chinichini.

"Mwalimu, haya ya kukamata wezi umeyaandika mwenyewe?"

"Funika karatasi, nikusimulie."

Hapo ndipo mchapaji akamtazama vizuri. Akamwambia asitoke kwanza. "Mvua yenyewe inanyesha kwa woga. Itachoka sasa hivi."

Haikuchoka, na wao wakazungumza mpaka duka likabaki tupu.

Mapenzi hayo yakashika kama moto wa makumbi ya nazi. Kila jioni simu: umekula, mpenzi, umevua viatu, nani amekuudhi leo. Mwalimu alimwita mchapaji Wino. Mama mdogo, aliyeishi naye, akisikia vicheko hugonga ukuta, akasema basi wawaambie na majirani. Alikuwa ameshaacha kumuuliza mwalimu habari za ndoa, maana umri ulikuwa umesogea. Sasa akaanza kuuliza tena.

Zikaja insha za mwisho wa muhula. Katika ya kwanza mwalimu akakuta, "Mvua ilinyesha kwa woga." Akatabasamu, akadhani mtoto kayaokota maneno hayo dukani. Katika ya pili yakawemo tena. Alipofika ya tatu, kalamu yake nyekundu ikabaki hewani.

Akawaita wote watatu, mmoja mmoja, akafunika karatasi. Wawili walinyamaza. Wa tatu, binti mpole wa dawati la mbele, alilia kabla ya kuulizwa. Akasema kaka wa dukani ndiye aliyewaandikia.

Mwalimu akaenda. Wino alipomwona usoni, alizima mashine.

"Uliwaandikia?"

"Nilianza kwa kunyoosha sentensi moja. Mtoto analia, kesho anatakiwa aikabidhi. Wakaja wengine."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekaa nami?"

Sheria ya shule waliijua wote wawili: insha ya kuandikiwa hufutwa, na aliyeiandika hatakiwi karibu na geti lile tena. Angenyamaza, nani angejua? Wanafunzi wasingesema. Mama mdogo tayari alikuwa amenunua kitambaa cha kushonea gauni la harusi.

"Maneno yale ulinipa mimi," mwalimu akasema. "Kwa nini uliwapa na wao?"

"Kwa sababu tangu siku ile sina mengine."

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa shule, akasema yote, hata kwamba mchapaji ni mpenzi wake. Wanafunzi wakarudia insha darasani mbele yake. Duka likafungwa. Wino hakubisha. Alipata kazi mji wa mbali, akapakia mashine zake.

Jioni ya kuondoka akapiga simu kutoka kituo cha mabasi.

"Chujio wangu. Nisimulie tulivyokutana. Bila karatasi."

Mwalimu akaanza. Akasema gauni lilikuwa la bluu. Hapana, la kijivu. Akaruka kicheko, akakirudia. Akakwama kwenye doa la wino, akaanza upya. Alifika.

"Basi hiyo ni yako," Wino akasema polepole. "Hakuna aliyekuandikia."

"Na wewe?"

"Mimi utanipima siku nitakapojifunza kuandika ya kwangu tu. Basi linanguruma, mpenzi. Kalale."

Jua lilikuwa bado dirishani. Mwalimu alijilaza na viatu vyake, simu chini ya shavu. Mama mdogo akaingia, akamvua kimoja, akamvua cha pili, akakikunja kile kitambaa akakiweka juu kabatini. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akimpapasa mgongo kama alivyokuwa akimbembeleza utotoni, mpaka pumzi ikatulia, akalala.