Bunju kwenye Gunia la Nasrin

Gari liliacha njia saa nne asubuhi, likateleza kwenye tope na kulala ubavu korongoni, ndani ya msitu wa Udzungwa. Barabara kuu ilikuwa imefungwa na maporomoko, ndipo Filemoni, dereva wa Tosamaganga, akafuata njia ya wapasua mbao. Abiria wake alikuwa Nasrin, muuza samaki wakavu wa Ilomba, Mbeya, akirudi na magunia matatu kutoka Kilwa, alikozaliwa bibi yake.

Mvua haikukatika siku mbili. Ruba walipanda miguuni, simu hazikushika mtandao. Nasrin alimlaumu Filemoni kwa ile njia, mwishowe wakaacha kusemezana. Siku ya tatu alishuka kijitoni kuchota maji. Aliporudi, Filemoni alikuwa amewasha moto chini ya turubai, akachoma samaki wawili kutoka gunia moja la Nasrin na kula bila kuomba. Akasema midomo inamfa ganzi.

Nasrin aliokota kichwa kilichobaki. Meno yameungana kama mdomo wa kasuku, ngozi ina vimiba.

"Umemla na matumbo?"

"Nimekula kila kitu."

Samaki yule alikuwa bunju. Gunia lile Nasrin hakulichambua, na sumu ya bunju haitoki kwa moto wala kwa jua. Miguu ya Filemoni ililegea, kisha mikono. Halafu kifua kikasimama, macho yamebaki wazi.

Nasrin alimbana pua, akampulizia hewa kinywani. Bibi yake alisema mtu aliyelishwa sumu ya bunju husikia kila neno, na akivushwa siku moja hupona. Kwa hiyo kila alipoinua kichwa alimsemesha. Akamweleza kwamba samaki huyo hukaa kwenye majani ya bahari na matumbawe, huogelea taratibu, akitishwa humeza maji mpaka akavimba kama mpira. Akamwomba radhi pia.

Adhuhuri wapasua mbao wawili walitokea, wamefuata moshi. Mkubwa wao, Saulo, alimtazama Filemoni akavua koti.

"Huyu ameshakwisha, dada. Tumfunike."

"Anasikia. Njoo upulize, mimi pumzi zimeniishia."

Saulo alisita, kisha akapiga magoti. Walipokezana watatu mpaka jioni, kifua kikainuka chenyewe. Wakambeba kwenye machela ya fito hadi lilipo lori lao. Nasrin alibaki nyuma kidogo, akayatia moto magunia yote matatu.

Siku mbili baadaye Saulo alikwenda hospitalini kumjulia hali. Filemoni alimshika mkono, asiuachie.

"Ulipovua koti," alisema, "nilikuwa nakutazama."