Kitanda cha Bei Chee

Kilichotangulia kumshtua Zawadi ni harufu. Chumba cha intaneti alichokisimamia mjini Mtwara siku zote kilinuka vumbi na nyaya za moto, lakini mchana ule wa mwaka 2009 kilinuka tope la Mto Ruvuma, maji yakiwa yamekupwa. Umeme ulikuwa umekatika. Kompyuta zote zilizimika isipokuwa ile ya pembeni, na kwenye kioo chake kulikuwa na picha ya baiskeli ya Emmanueli, muuza mihogo.

Mtandao wenyewe uliitwa Beichee. Ukiona kitu rahisi mahali, unakitangaza. Wenzako wakikipenda wanakipigia kura, na chenye kura nyingi kinapanda juu wakione wote. Majirani wengi hawakujua hata kushika kipanya. Basi Zawadi aliwaandikisha yeye, akawachagulia na nywila, na mtu akipita mlangoni akasema, "Mama Jafari, nipigie na mimi," alimpigia kura kwa jina lake. Hata asiyepita alimpigia, maana hakuna aliyewahi kulalamika.

Tangazo la baiskeli lilikuwa la mtu aliyejiita Jirani. Kila kura ilipopanda, bei ilishuka yenyewe, na mtaa mzima ukafurahi. Emmanueli hakuwa anaiuza. Saa ile ile alikuwa juu yake, anapeleka mihogo sokoni. Wiki haikuisha, mguu wake ukavimba ukawa mweusi, akaiuza kwa bei ile iliyokuwa kwenye kioo.

Halafu ikaja cherehani ya Modesta, fundi nguo, nyumba ya pili kutoka kwa Zawadi. Picha ilipigwa chumbani kwake, kutokea mvunguni. Hapa tusimfichie Zawadi: alijua. Aliikumbuka baiskeli, alilinusa tope, na bado alipiga kura kwa jina la kila aliyemwandikisha, kwa sababu alishapata mnunuzi kule Kilambo, mpakani na Msumbiji. Kufa kufaana. Modesta akapooza mkono wa kulia. Zawadi akainunua cherehani kwa bei chee, akampa na pole, na mnunuzi wake, mfanyabiashara Helder, akaivusha mto.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Zawadi hakutia. Ijumaa moja, wanaume wakiwa msikitini, umeme ulikatika tena, na kioo cha pembeni kikawaka polepole, akasikia chini ya meza kitu kinahema kama mtu aliyetoka kuzamia, harufu ya tope ikampanda mpaka kooni, akatazama naye hataki kutazama, akakiona kitanda kidogo ambacho marehemu baba yake alimchongea mjukuu wake Jafari, mwana wa pekee wa Zawadi, chandarua kimefungwa juu, shuka limekunjwa vizuri, mtoto hayumo, na kura zinapanda zenyewe, kwa majina yale yale aliyoyaandikisha, na bei inashuka. Jirani alikuwa ameandika: "Hakijatumika sana."

Nyumbani alimkuta Jafari anawaka homa.

Alirudi mbio akazifuta kura zote, jina kwa jina. Zikarudi. Ndipo akamwita Mwalimu Shabani, mganga wa kitabu kutoka upande wa Mnazi Bay. Mzee alizinusa nywele za mtoto, akasema kwa sauti ya chini:

"Jini hili halivunji mlango, mama. Linaombwa. Watu hawa wameomba kwa mdomo wako. Nenda wakatae kwa midomo yao."

"Wote?"

"Wote. Akibaki mmoja, na lenyewe limebaki."

Mwalimu akaketi kando ya kitanda, akaanza kusoma. Zawadi akashika njia, nyumba kwa nyumba. "Mbona kitanda chenyewe kizuri?" mmoja alisema, tena bila aibu, kabla hajakubali kukikataa. Emmanueli alikataa upesi, akiegemea gongo lake, na Zawadi akashindwa kumtazama machoni. Kila mmoja aliposema, homa ilipungua. Alasiri Jafari aliomba uji. Zawadi alilia kwa furaha, kisha akakumbuka nani amebaki.

Modesta alikuwa barazani kwake, anashona kwa sindano, kwa mkono wa kushoto.

"Dada Modesta, kuna kura ya jina lako kwenye kitanda cha Jafari, sema hukitaki. Neno moja tu, nakuomba."

"Hiyo kura nilikutuma mimi?"

"Hukunituma. Nilikuandikisha tu, sasa jina linajipigia lenyewe."

"Na ya cherehani yangu? Ile nayo ulinipigia?"

Zawadi alikuwa ameipiga, kwa jina la Modesta mwenyewe.

"Nirudishie cherehani, nitasema."

"Imeshavuka, dada. Iko Msumbiji." Akapiga magoti vumbini. "Mtoto hana kosa, dada. Mtoto!"

"Na mimi nilikuwa na kosa gani?"

Harufu ya tope ikatoka taratibu mlangoni mwa Modesta. Ndani, mvunguni, kitu kikahema. Modesta hakugeuka, alikwishakizoea. Akakata uzi kwa meno.

"Sasa hivi kinauzwaje?"

"Nini, dada?"

"Kitanda. Mwenye mkono mmoja hawezi cha ghali." Akatunga uzi mwingine. "Nitangoja kishuke kidogo."

Nyumba ya pili, kando ya kitanda cha Jafari, sauti ya Mwalimu Shabani iliyokuwa ikisoma tangu mchana ikakatika.