Kopo la Vifungo

To... to... to.

Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha Sindano kila alfajiri, kabla jogoo hajawika. Ilitoka upande wa pili wa pazia, penye cherehani. Ilikuwa sauti ndogo sana, ya vitu vidogo vikidondoka koponi kimoja kimoja. Kisha kifuniko kilirudishwa polepole, na baada yake kikaja kikohozi kilichozibwa kwa kitambaa.

Walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu ndiye aliyemtungia mama yake uzi. Mama alikuwa fundi wa nguo. Tangu Baba alipofariki, cherehani ile ndiyo iliyowalisha watatu: Mama, Sindano, na mdogo wake wa kiume ambaye hata shule hajaanza. Chumba kilikuwa kimoja. Upande huu wa pazia palikuwa na kitanda, upande ule cherehani na vitambaa vya wateja vilivyokunjwa vizuri.

Sindano alijua kilichokuwa kikidondoka. Siku moja alipokuwa akitafuta kifungo cheupe, alitia mkono koponi akatoa kidonge. Akatia tena, akatoa kingine. Zilikuwa dawa za kifua kikuu alizopewa Mama zahanati.

"Mama, mbona humezi?" aliuliza siku hiyo.

"Nilimeza, nikapona. Huoni nimenawiri? Sasa zinanichafua tumbo bure."

"Basi mbona unaendelea kwenda kuzichukua?"

Mama alichungulia mlangoni kwanza. "Nisipoenda, muuguzi atanifuata hapa na sare yake nyeupe, mtaa mzima umwone. Nani atavaa gauni lililokoholewa, mwanangu? Mambo ya ndani hayatoki nje. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Tangu siku ile Mama alikuwa ameipunguza blauzi yake mwenyewe mara mbili, na bado ilimpwaya. Na alfajiri hii, Mama alipomaliza kukohoa, kikohozi kingine kilijibu kutoka kitandani. Kilikuwa chembamba na kikavu. Sindano aligeuka. Alikuwa mdogo wake.

Sindano alikwenda shule bila kunywa chai.

Siku hiyo mwalimu wa darasa lao, mwanamke wa sauti ya chini, hakuandika kitu ubaoni. Alisogeza madawati ukutani, akaweka kiti kimoja katikati.

"Leo tunajifunza magonjwa ya kuambukiza kwa igizo," alisema. "Sitawapa maneno ya kukariri. Nawapa nyumba, na mgonjwa ndani yake. Maneno mtayatoa wenyewe."

Kasuku, mvulana asiyejua kunyamaza, aliruka mbele kabla hajaitwa. Alijifunga kamba shingoni, yenye kizibo cha soda mwishoni, akawa daktari.

"Mama mgonjwa, toa ulimi!" alimwambia Sindano, aliyechaguliwa kuwa mama. "Ohoo! Ulimi huu hauna homa, una umbea!"

Darasa likacheka. Kasuku akampa vipande vya chaki. "Meza hizi kila siku. Ukikosa, nakuchoma sindano. Sindano kwa Sindano!"

Wakacheka tena. Sindano hakucheka. Alivipokea vipande vile, akaenda pembeni, akawapa wenzake mgongo. Alichukua kopo la kalamu la Mwalimu, akalifungua polepole. To. To. To. Akarudisha kifuniko, akafuta midomo kama mtu aliyetoka kunywa maji. Kisha akaketi kitini, mguu wake ukaanza kukanyaga cherehani isiyokuwepo. Akakohoa, akaficha mdomo begani, na mguu haukusimama hata kidogo.

"Heee! Dozi ameiweka akiba!" alisema Kasuku. Safari hii aliyecheka alikuwa yeye peke yake.

Mwalimu hakumuuliza kitu mbele ya wenzake. Aliwashukuru wote, akawatoa mapumziko, akambakiza Sindano amsaidie kurudisha madawati.

"Igizo letu halijaisha," alimwambia walipobaki wawili. "Yule mama atapona?"

"Sijui, Mwalimu. Igizo ni lako."

"Mimi nilitoa kiti tu." Akakaa kwenye kile kiti, akaanza kukanyaga kwa mguu. "Sasa mimi ndiye mama. Wewe ni mtoto wake. Haya, niambie."

Sindano alisita. "Mama... umeze dawa."

"Nani mwenzako? Unaniamuru mimi niliyekuzaa?"

"Utakufa!"

"Kila mtu atakufa. Nenda kachote maji." Mguu wa Mwalimu uliendelea kukanyaga.

Sindano alijaribu tena na tena, na kila mara Mwalimu alikuwa na jibu, majibu yale yale ya kwao nyumbani, kana kwamba aliwahi kulala nyuma ya lile pazia. Mwishowe machozi yalimtoka. "Mama, mtoto ameanza kukohoa!"

Mguu wa Mwalimu ukasimama. Akamvuta Sindano karibu, akamfuta uso kwa kiganja.

"Hapo sina jibu," alisema. "Leo mwambie hivyo hivyo. Ni vizuri alisikie kwako kwanza. Kesho nitakuja na muuguzi, akubali au akatae. Mzigo huu si wa mtoto, mwanangu. Umeubeba vya kutosha."

"Lakini niliahidi kunyamaza."

"Najua. Mwenye kukudai ahadi hiyo ni woga, si mama yako."

Jioni maneno yote yalimkimbia. Mama alikuwa akishona, mgongo umepinda, blauzi imemlowa jasho ingawa hapakuwa na joto. Sindano alisema, "Mama," kisha akakwama. Mama hakuinua kichwa. Darasani walau Mwalimu alikuwa akijibu.

Basi Sindano alishusha kopo, akamwaga vyote vilivyokuwamo juu ya kitambaa, akaketi chini kuchambua. Vifungo huku, vidonge kule. Fungu la vidonge likakua mpaka likalipita la vifungo. Mdogo wake akakohoa kitandani.

Cherehani ikasimama.

"Umemwambia nani?" Mama aliuliza kwa sauti ya ukali.

"Niliigiza tu, Mama. Mwalimu akaona. Kesho anakuja na muuguzi."

Mama aliinua mkono. Sindano akafumba macho akingoja kofi, lakini halikuja. Alipofumbua, mkono ule ulikuwa umeshika kidonge kimoja.

"Mama, mtoto ameanza kukohoa," alisema Sindano.

"Nimemsikia," Mama alijibu. "Tangu juzi namsikia. Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu nisimsikie."

Kesho yake mtaa mzima haukuona sare nyeupe. Mwalimu alikuja na mwanamke aliyevaa gauni la kawaida, kitambaa cha maua kimekunjwa kwapani, kama mteja yeyote. Mama alipomtambua, alikitazama kile kitambaa, akaelewa, akalia.

Vipimo havikuwa na habari njema. Ugonjwa ulikuwa umerudi ukiwa sugu, na dawa za mwanzo hazikuufaa tena. Mama alianza nyingine, kali zaidi, za muda mrefu zaidi. Mtoto naye alikutwa nao, akaanzishiwa zake. Habari zilivuja hata hivyo, kama Mama alivyohofia. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kuingia ndani. Kwa majuma mengi cherehani ilikaa kimya chini ya shuka. Ila Kasuku alileta kaptura yake iliyopasuka mfukoni, akasema atangoja hata mwaka. Mpasuko wenyewe ulinyooka kama wa mkasi.

Muuguzi alikuja kila siku na kitambaa kile kile cha maua. Alifungua dirisha, akasimama mpaka kidonge cha mwisho kimeshuka.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alimwambia Sindano siku moja, Mama akisikia. "Kifua kikuu kinatibika, lakini dawa huiachi kwa sababu umejisikia nafuu. Unaimaliza kwa sababu umeambiwa uimalize. Na mtoto akiona hatari nyumbani, amwambie mtu mzima anayemwamini. Huko si kumsaliti mama. Huko ni kumpenda."

Alikunja kitambaa chake, akaelekea mlangoni. Mama alijiinua kwa kushika meza ya cherehani. Bado alikuwa dhaifu, lakini alimsindikiza hadi kizingitini, mahali ambapo majirani wangeweza kumwona.

"Dada," alisema, "kesho uje tena. Ila kitambaa hicho kiache nyumbani, kitachakaa kabla hakijashonwa." Akavuta pumzi. "Njoo na sare yako."