Rudisheni Mpiga Filimbi

Asubuhi nyumbani kwa Mrefu ni vurugu tupu. Chumba kimoja, watu wanne, beseni moja. Mtoto mkubwa anatafuta soksi, mdogo ameivaa mkononi. Mrefu mwenyewe anainama kufunga viatu vya kazi na kichwa kinagonga meza, kama kila siku.

"Utaibomoa hiyo meza," mkewe akasema.

"Labda yenyewe inibomoe mimi."

Jina lake halisi watu walishalisahau. Hata mwenye nyumba anamwita Mrefu. Kazi yake ni kutengeneza njia ya treni za mjini. Yeye na wenzake wanakaza boliti, wanabadilisha mataruma yaliyochoka kubeba reli, wanashindilia kokoto chini ya reli. Na treni haziwasubiri. Zinapita huku wao wako kazini.

Ndiyo maana kila kikosi kilikuwa na mpiga filimbi. Huyu hashiki sururu wala spana. Anasimama pembeni, anatazama treni, anapuliza. Akipuliza, hakuna cha kuuliza. Hata kama imebaki boliti moja, unaiacha. Akiruka mmoja nje ya njia, wanaruka wote. Ukizoea kazi hiyo, miguu inatii kabla kichwa hakijafikiri.

Mpiga filimbi wa kikosi cha Mrefu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Mdomo haumkauki, lakini macho yake kwenye reli hayana mchezo.

Sasa, siku moja msimamizi akaja na habari. Kuanzia leo hakuna wapiga filimbi. Kila mtu ajitazamie mwenyewe. Shemeji akapewa sururu.

"Nani amekubali upuuzi huu?" Shemeji akauliza.

"Chama chenu. Katibu wenu wa tawi ametia saini."

Wakatazamana. Katibu huyo walimwona mara ya mwisho wakati wa uchaguzi, akigawa kofia. Tangu hapo ni makato ya chama tu ndiyo waliyoyaona, kila mwezi bila kukosa.

Haikuchukua muda. Walikuwa kwenye kona, mashine ya kushindilia kokoto inanguruma. Mrefu ameinama. Treni hizi mpya ni kimya kama paka. Ghafla mtu akamshika suruali kwa nyuma, akamtupa kwenye kokoto. Treni ikapita pale pale alipokuwa ameinama. Upepo wake ukamvua kofia.

Aliyemvuta ni Shemeji. Wakabaki wamelala pale, wanahema.

"Shemeji," Mrefu akasema, "umenichania suruali."

Wakacheka. Halafu Mrefu akatambaa kuitafuta kofia yake.

Jioni mkewe akaishika ile suruali. "Imechanwa na nini?"

"Na kaka yako."

"Alikuwa anakuvutia nini?"

Mrefu akavuta beseni anawe mikono. Mkewe akaona michubuko kiwikoni. Akakaa kitandani, suruali mapajani.

"Mimi sitaki kuletewa habari mlangoni," akasema. "Unanisikia, baba? Sitaki."

Wanachama wakapiga kelele mpaka Katibu akaitisha mkutano. Ukumbi ukajaa. Mbele walikaa rafiki zake Katibu. Nyuma walikaa watu wa njia, na vumbi lao.

"Ndugu wanachama," Katibu akaanza, "dunia inabadilika. Treni siku hizi zina taa kubwa. Mtu mzima na macho yake anapigiwa filimbi ya nini? Yeye ni ng'ombe?"

Mbele wakacheka. Shemeji akaruka kama amekalia moto. "Hatukai na wauza watu! Tunatoka!"

Akatoka. Kikosi chake kikatoka. Vikosi vingine vikatoka. Hakuna aliyeuliza, si ndivyo walivyozoea kwenye reli? Huko nje wakapeana mikono. Waliona wameshinda.

Kumbe ndani mkutano unaendelea. Katibu akauliza, "Wanaokubali?" Waliobaki wakanyoosha mikono. Kesho yake tangazo likabandikwa ukutani: wanachama wote waliokuwepo wameunga mkono wapiga filimbi waondolewe.

"Basi mimi najitoa kwenye chama," Shemeji akasema, akizunguka chumbani kwa Mrefu. "Tujitoe sote. Tuone atamkata nani mshahara."

"Na mimi," Mrefu akasema. "Kesho hiyo hiyo."

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, Mama Pacha. Anafanya kazi kiwanda cha nguo, na wenzake wamemchagua awawakilishe kwenye chama chao.

"Samahani jamani. Ukuta huu wetu hauna siri. Nimewasikia mpaka nimeshindwa kula."

"Karibu, dada," mke wa Mrefu akasema. "Waambie hawa, mimi wamenishinda."

Mama Pacha akakaa. "Shemeji, ukijitoa nani atafurahi?"

"Mimi."

"Katibu! Atakuombea dua. Mwanachama aliyejitoa hapigi kura. Wewe unamwachia nyumba halafu unajisifu umemkomoa."

Shemeji akaacha kuzunguka, akakaa. 

"Na kule ukumbini," Mama Pacha akaendelea, "mlikuwa wengi kuliko wao?"

"Mara mbili," Mrefu akajibu.

"Mkatoka."

"Tukatoka."

"Basi mlimpitishia nyinyi wenyewe. Kwenye reli, kutoka kunaokoa maisha. Kwenye mkutano, anayetoka ameliwa."

 Mkewe Mrefu akaguna, "Mmesikia, lakini?"

"Sasa tufanyeje?" Mrefu akauliza.

"Kila chama kina katiba. Humo imeandikwa wanachama wakitaka mkutano maalumu wafanyeje, kiongozi anaondolewaje, nani anaruhusiwa kukubali jambo kwa niaba yenu. Chama changu si chama chenu, siwezi kuwaambia ya kwenu inasemaje. Isomeni. Mnayo?"

Hakuna aliyewahi kuiona.

Siku ya mapumziko Mrefu akaenda ofisi ya tawi. Karani akamtazama kuanzia viatuni mpaka juu. Ilichukua muda, kwa urefu ule.

"Nataka katiba ya chama."

"Iko kabatini. Katibu hayupo."

"Kabati ni la nani?"

"La ofisi."

"Na ofisi inalipiwa na nani?"

Karani akajifanya kuandika. Mrefu akavuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu mpaka ikaziba mlango. Watu wakawa wanairuka. Mchana Katibu akaja, naye akairuka.

"Wewe unataka nini hapa?"

"Katiba."

"Hiyo ni ngumu, bwana. Ina lugha ya kisheria. Hutaelewa."

"Nitaelewa polepole. Sina haraka, umeona nilivyokaa."

Katibu akatazama ile miguu. Akatazama watu waliokusanyika dirishani. Akafungua kabati.

Waliisoma kwa Mrefu, mezani, Mama Pacha akiwasaidia penye maneno magumu. Mambo yalikuwa wazi kabisa. Jambo la usalama kazini halikubaliwi mpaka wanaohusika waulizwe kwanza. Robo ya wanachama wakitia saini, mkutano maalumu lazima uitishwe. Na kiongozi anaondolewa kwa kura ya siri.

"Kumbe alivunja sheria ya chama chake mwenyewe!" Shemeji akapiga meza.

"Chama chenu," Mama Pacha akamrekebisha. "Acha kumpa."

Wakaanza kukusanya saini. Wakati wa mapumziko, kikosi hadi kikosi. Wakaenda karakana, wakaenda kwa madereva. Dereva mmoja akasema, "Mnadhani sisi tunalala? Mimi ndiye nitakayemgonga mtu." Akatia saini kabla hajamaliza kusema. Msimamizi akawatishia kazi. Mrefu akamjibu, "Tuko kwenye mapumziko yetu, mzee. Kunywa chai."

Saini zikapita robo, zikapita nusu. Katibu akatafuta kila sababu. Mwisho akaitisha mkutano, hana pa kukimbilia.

Ukumbi ukajaa tena. Katibu akaona hesabu ya vichwa, akajaribu bahati yake.

"Haya watu wa kokoto, leo mmekuja kufanya fujo tena? Mlango mnaujua, si mlipita juzi?"

Shemeji akainuka. Mrefu akamdaka shati, akamkalisha.

"Kaa."

"Ametutukana!"

"Atukane mpaka achoke. Kaa."

Nyuma nzima ikakaa. Viti vikalia, halafu ukumbi ukatulia. Katibu akapangusa jasho. "Basi tupige kura ya mikono."

Mrefu akasimama.  "Katiba inasema kura ya siri. Na ulipotia saini wapiga filimbi waondolewe, hukutuuliza. Mimi nusura nife kwenye kona. Nina mke, nina watoto wawili. Ulimwuliza mke wangu?"

Hakuna aliyecheka, hata wale wa mbele.

Karatasi zikagawiwa. Katibu akaondolewa, tena kwa kura nyingi mpaka wahesabu kura wakachoka. Watu wakaanza kutaja wa kumrithi. Kila mmoja akataja mtu yule yule mwenye mdomo. Ndipo Shemeji akachaguliwa kuwa katibu.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa wakubwa wa kazi pamoja na wajumbe wa kila kikosi, kudai wapiga filimbi warudishwe. Wakubwa walikataa. Wajumbe wakaonyesha katiba, wakasema makubaliano yale hayakuwa ya wanachama, na watayapeleka kwa mkaguzi wa usalama wa serikali. Wakabishana sana. Mwisho wapiga filimbi wakarudishwa, vikosi vyote. Mke wa Mrefu akalala usingizi mzuri.

Mambo yalivyotulia, Shemeji akajisahau. Mwezi ukaisha bila mkutano. Kwenye karakana, mbele za watu wote, Mrefu akamfuata.

"Katibu, mkutano wa mwezi uko wapi?"

"Ah, Mrefu! Nimebanwa. Mimi si shemeji yako?"

"Nyumbani ni shemeji. Tutakula pamoja jioni, dada yako amepika. Hapa ni katibu. Tunataka kujua umefanya nini kwa mwezi mzima."

Watu wakaweka spana chini, wakasogea. Shemeji akatafuta uso wa kumtetea, hakuupata. Akapanda juu ya kreti.

"Haya," akasema. "Naanza na yale niliyoshindwa."

"Sema kwa sauti!" wa nyuma wakaita.

Akasema kwa sauti.