Maiki ya Utepe Mwekundu

Jumapili ile Saverio alinituma Kibuli nikachukue maiki kwa fundi, nami nilikwenda huku nikinung'unika, maana mwimbaji hatumwitumwi ovyo siku ya onyesho. Lakini ningefanya nini? Bendi ni yake. Vyombo vyake, gari lake, jina lake kwenye bango. Tunamwita Afande ingawa hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wanajeshi kule Mbuya, basi kila analosema ni amri, hata akiomba chumvi.

Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza nilipoteremka kwenye boda. Fundi Faruk alikuwa ameshafunga mlango nusu. Alinipa maiki ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa, na hakutaka kuifungua mbele yangu.

"Haina ugonjwa," alisema. "Nimeipima, ni nzima kabisa."

Nikamuuliza kwa nini basi amekaa nayo siku zote hizo. Alitazama pembeni. Akaniambia kwamba jana yake aliiacha mezani, haijachomekwa popote, hakuna waya, hakuna spika, akatoka nje kutawadha. Aliporudi aliikuta inaimba... polepole... kwa sauti ya mwanamke.

Nilimcheka. Kwetu Bungoma nimesikia vitimbi vya kila aina, na sikuwa tayari kuongezewa vingine na fundi wa redio.

"Cheka tu, nyabo," akasema, yaani bibi kwa lugha yao. "Ila mwambie mzee wako asiniletee tena."

Niliitia kwenye mkoba nikapanda boda kwenda Bukoto. Njia nzima niliihisi pajani, na ilikuwa na joto, kama kitu kilichotolewa mfukoni mwa mtu sasa hivi.

Ilikuwa maiki ya zamani, nzito, shingoni imezungushiwa utepe mwekundu. Kila mwimbaji wa mbele wa bendi yetu lazima aitumie hiyo, hakuna nyingine. Saverio anasema ina bahati. Kabla yangu alikuwa nayo Aol, msichana wa Lira, mwenye sauti ya kumtoa mtu machozi akiwa anatafuna nyama. Jumapili moja Aol alishuka jukwaani akishika koo. Kesho yake hakuweza kusema hata "habari". Daktari wa kwanza hakuona kitu, wa pili hakuona kitu. Akarudi kwa mama yake akiwa bubu, na mimi, niliyekuwa nikiitikia nyuma yake, nikasogezwa mbele. Tuliambiwa ni baridi ya usiku.

Sasa, lazima nikueleze jinsi tunavyowatuliza wasumbufu, kwa sababu bila hilo hutaelewa chochote.

Kila baa ina msumbufu wake. Yuko wa kupanda jukwaani kucheza na mwimbaji, yuko wa kupiga kelele akitaka wimbo wa kijijini kwao, yuko wa kulia. Bendi nyingine huita mabaunsa wawatoe. Sisi tuna sheria ya Afande: anayesumbua, mpe maiki. Mkononi kabisa, kwa heshima. Mlevi akishaishika anaimba mstari mmoja, sauti inatoka kama ya mbuzi aliyekwama kwenye ua, watu wanacheka hadi wanamwaga bia, naye anarudi kuketi akiwa mpole. Watu wa baa ya Blandine, kule Bukoto tunakopiga kila Jumapili, waliupenda mchezo huo kuliko nyimbo zetu. Msumbufu akianza tu, ukumbi mzima unaimba kwa makofi: "Mpe maiki! Mpe maiki!"

Kwetu husema mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Mimi sheria ile haikunikaa moyoni tangu mwanzo. Lakini nilidhani ni biashara tu.

Tulianza giza lilipoingia. Ukumbi ulijaa, moshi wa nyama ukipanda hadi kwenye mabati. Odyek kwenye gitaa, Olweny kwenye ngoma, Saverio nyuma ya kinanda chake. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili nikasikia mtu akirudia maneno yangu ya mwisho.

Nilidhani ni mwangwi wa spika. Nikamwashiria Saverio arekebishe. Hakuniangalia.

Halafu nikamwona. Meza ya mbele, peke yake, hana chupa wala glasi. Mwanamume mwembamba mwenye shati la kijani lenye kung'aa, na shati hilo lilikuwa limelowa chapachapa. Nje hakukuwa na mvua. Nilisikia harufu... si ya jasho, si ya pombe. Harufu ya waya ulioungua.

Midomo yake ilikuwa inacheza.

Nikaimba mstari, akaurudia. Nikaimba mwingine, akauimba pamoja nami. Kisha nikafungua kinywa kuimba wa tatu, na yeye akanitangulia.

Kwa sauti yangu.

Si kwamba aliniigiza, watu wananiigiza kila siku. Ilikuwa sauti yangu mimi Nanyama, na ule mkwaruzo wake mdogo ninapopanda juu, ikitoka kinywani mwa mwanamume yule. Na kila neno alilolitoa, mimi koo lilikauka kidogo. Watu walipiga makofi, walidhani ni ufundi wa mitambo. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Nikaumaliza wimbo kwa taabu, nikasema tunapumzika, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

Nyuma ya baa, karibu na jenereta, nilimkamata Odyek mkono. Odyek ni mzee wa bendi, amekuwa na Saverio tangu wote wawili wakiwa vijana. Sikuwa na sauti ya kumgombeza, kwa hiyo nilimtazama tu hadi akasema.

Alisema lile shati la kijani lilikuwa sare yao zamani. Mwimbaji wao wa mbele aliitwa Jafar, na Jafar alikuwa msumbufu wao wenyewe. Alikuwa akilewa jukwaani, akitukana wateja, akikatisha nyimbo. Jioni moja, wakipiga kwenye uwanja wa wazi, mvua ikaanza, na Saverio akachoka naye, akamzimia maiki katikati ya wimbo. Jafar akainama penye nyaya, kwenye maji ya mvua, maiki mkononi, akitafuta umeme wake, na umeme ukarudi ghafla ukamuua.

"Nani aliwasha?" nilinong'ona.

Odyek alitazama mlangoni kwanza. "Wengine wanasema ni yeye mwenyewe alishika vibaya. Mimi sikuona. Ila mukono wa Saverio ulikuwa kwa suichi, hiyo niliona."

Baada ya mazishi Saverio alipotea, akaenda kwa mganga mmoja ng'ambo ya ziwa. Aliporudi alikuwa na maiki ileile, imefungwa utepe mwekundu, na sheria mpya. Tangu hapo hatujawahi kukosa ukumbi uliojaa.

Ndipo nikaelewa, na hofu yangu ikageuka hasira. Sheria haikuwekwa kwa ajili ya walevi. Walevi walikuwa kiini macho, ili tuzoee. Ili siku Jafar atakaponyoosha mkono, mtu yeyote aliye mbele ampe bila kufikiri, na deni la Saverio lilipwe kwa koo la mtu mwingine. Aol alikuwa ametii sheria, basi, na koo lake halikutosha. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Hawezi kunyang'anya," Odyek alisema. "Lazima apewe kwa mukono. Dada, toka kwa huu mulango wa nyuma, enda nyumbani."

Nilifikiria. Nyumbani kwangu ni karibu tu. Lakini nusu ya sauti yangu ilikuwa tayari kinywani mwa yule mtu, na nikiondoka nitakuwa nimemwachia. Sauti hii ndiyo inayonilisha. Ndiyo ya mama yangu, na ya mama yake. Na zaidi ya yote, jukwaa lile lilikuwa langu, nimelipigania miaka, nami nifukuzwe na maiti?

Saverio alikuwa ametokea mlangoni, mikono nyuma.

"Kipindi cha pili," alisema. "Na yule mutu akiomba, mupe. Wewe unajua sheria."

Nikarudi.

Alikuwa amesimama. Maji yakidondoka kutoka kwenye mikono ya shati lake, chururu... chururu... na chini sakafu ilikuwa kavu. Nilipoimba hakikutoka kitu. Yeye aliimba. Wimbo wote, sauti yangu yote, huku akija mbele hatua kwa hatua, na harufu ya waya ikinijaa puani hadi nikaonja kutu ulimini. Maiki iliwaka moto mkononi mwangu.

Akanyoosha mkono.

Ukumbi ukaona msumbufu. Ukafanya ulichozoea.

"Mpe maiki! Mpe maiki!"

Watu wema, watu ninaowajua, wauza nguo, askari waliovua sare, wanawake wa saluni, wanapiga meza kwa furaha. "Mpe maiki!" Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nakuapia, ulikuwa umezoea. Nyuma yangu Saverio akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Mupe, mwanangu."

Kuitwa mwanangu ndiko kulikonizindua. Mtu hamtoi mwanawe kafara.

Niligeuka, nikachomoa waya, nikaiweka maiki juu ya kinanda cha Saverio, mbele ya vidole vyake. Kisha nikarudi ukingoni mwa jukwaa mikono mitupu, nikaimba wimbo wa mama yangu wa kupepetea nafaka ya wimbi. Wimbo ambao haujawahi kupita kwenye maiki ile. Kibukusu kitupu.

Mwanzo haikutoka hata pumzi.

Nikasukuma tena, koo likauma kama limekwama mwiba. Tena. Olweny, Mungu ambariki, alinisoma midomo akaanza kunigongea ngoma polepole, kwa mikono. Na sauti ikaja. Mbaya, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yangu na ilikuwa inatoka kwangu. Jafar akafungua kinywa kunitangulia. Hakuujua wimbo. Midomo yake ilitafuta, ikatafuta, haikupata. Ukumbi ukanyamaza.

Nilipomaliza ubeti nilimtazama machoni. Hayakuwa macho ya shetani. Yalikuwa ya mtu aliyekatizwa wimbo katikati na bado anasubiri. Nilimwonea huruma, lakini sikurudi nyuma.

"Kama ulionewa, mdai aliyekuonea," nilimwambia. "Koo langu si fidia."

Mkono wake ukahama. Taratibu, ukiwa umenyooka vilevile, ukapita mbele yangu bila kunigusa, ukasimama juu ya kinanda.

Saverio aliishika maiki haraka akanisukumia mimi. Nikakunja mikono kifuani. Akamsukumia Odyek, Odyek akatazama gitaa lake. Jasho lilikuwa linamtiririka. Na pale, kwenye kimya kile, mtu mmoja mlevi kule nyuma, asiyejua lolote, akaanza tena kwa makofi.

"Mpe maiki..."

Wakajiunga. Meza zote.

"Sheria ni yako, Afande," nikasema.

Umeme ukakatika. Gizani nilisikia pumzi ya Saverio, maiki ikipokewa mkononi mwake, kisha kitu kama shukrani, neno moja tu kwa sauti ya kiume nisiyoitambua. Halafu nikamsikia Saverio akiimba. Sikuwahi kumsikia akiimba maisha yangu yote. Aliimba ule wimbo wa kwanza wa bendi, Odyek aliniambia baadaye, kutoka pale ulipokatizwa hadi mwisho. Lakini sauti haikutoka upande wa kinanda. Ilitoka penye meza ya mbele.

Jenereta ilipowaka, meza ya mbele ilikuwa tupu na maiki haikuwepo. Saverio alikuwa ameketi wima, kinywa wazi, akijaribu kutuambia kitu.

Anajaribu mpaka leo. Kinanda anakipiga bado, vizuri tu, na anatuonyesha kwa vidole anachotaka. Hakuna anayemwita Afande tena. Bendi sasa naiongoza mimi.

Jumatano ya wiki ile simu yangu ililia, na sauti nzito, yenye vumbi la kutotumika, ikasema, "Nanyama, ni mimi." Nililia kama mtoto. Aol anasema yake imerudi, ila akilala mama yake humsikia akiimba nyimbo za zamani za bendi, nyimbo ambazo hakufundishwa. Nimemwambia aje. Tuna maiki mbili mpya, na hapewi mtu.

Wasumbufu bado wapo. Nawaambia kaa chini, wanakaa.

Ni Jumapili chache tu, kabla hatujachomeka chochote, spika hunguruma kidogo, na harufu ile hupita. Kisha huja sauti mbili za kiume, chini kabisa. Moja inaimba. Nyingine inaomba ipewe nafasi. Saverio, akiitambua yake, huinamisha kichwa juu ya kinanda. Nami nimewaambia watu wa Blandine ile meza ya mbele isikaliwe, waweke kiti kimoja, kikavu, wakifute vizuri.

Aje Jafar aketi, asikilize hadi achoke. Kuimba naimba mimi.