Mabati Kumi ya Bibi Naelijwa

Benki ilikaa na shilingi laki mbili na arobaini elfu za Eliufoo kwa miaka mitatu. Kisha ikamrudishia laki mbili na arobaini elfu. Riba hakupata hata senti.

Fedha hizo alilipwa alipopunguzwa kazi, shamba la mkonge lilipouzwa kwa mtu binafsi. Zilikuwa fedha za mabati, lakini alitaka zizae kwanza. Nyumba yake kule Bombo ilikuwa na vyumba vinne, kuta na mbao tayari, juu wazi. Familia ililala katika kibanda cha nyasi kinachovuja.

"Usinizike kabla sijalala chini ya bati," mama yake, Bibi Naelijwa, alikuwa akimwambia.

Alimzika mwaka wa pili, fedha zikiwa bado kwenye amana benki.

Siku amana ilipoiva, Eliufoo alirudi kutoka Same mjini amenuna. Mkewe Hedwiga alikuwa akipukuchua mahindi na jirani yao Ernesta, aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika.

"Baba Leticia, zimekuwa ngapi?" Hedwiga aliuliza.

"Zile zile."

"Zile zile na riba?"

"Zile zile, mwanamke! Husikii? Na karani wa benki anataka niziache miaka mitatu mingine."

Ernesta alinyoosha mkono. "Lete karatasi." Akaisoma polepole. "Hawajakuibia. Imeandikwa hapa. Riba inafuata bei za hisa kwenye soko la Dar es Salaam. Hisa ni vipande vya umiliki wa makampuni. Bei zikipanda, unapata riba. Zisipopanda, unarudishiwa fedha yako tu. Hazikupanda. Hukuuliza?"

"Ningeulizaje? Ukimpa mtu ng'ombe akufugie, unakwenda kila siku kumhesabu kwato? Si utakuwa umemwita mwizi? Karani alisema mtaji hauguswi. Nikajua ng'ombe yuko salama, ndama atakuja."

"Na ng'ombe asipozaa?"

"Namfuata, namrudisha nyumbani."

"Huyu ungeweza kumfuata?"

Eliufoo alitikisa kichwa. Karatasi ilisema fedha haitolewi kabla ya miaka mitatu.

"Basi mwenzako amekunywa maziwa miaka mitatu," Ernesta alisema, "akakurudishia ng'ombe yule yule, kakonda."

"Kakondaje, na fedha hazijapungua?"

"Ulipoziweka, bati lilikuwa bei gani?"

"Elfu sita."

"Na leo?"

Eliufoo alitema mate. "Elfu nane."

"Kwenye dirisha hilo hilo la benki walikuwa na amana ya muda maalumu. Asilimia nane kwa mwaka, hisa zipande, zishuke. Ni kidogo, lakini unakijua kabla hujatia saini. Benki si ya mjomba wako. Kuuliza si matusi."

Kesho yake mume na mke walishuka Same pamoja. Hedwiga ndiye aliyesimama dirishani.

"Hisa zisipopanda, mtanipa nini?"

"Mama, mtaji wako uko salama," karani alisema.

"Hilo nimelisikia. Nauliza juu yake mtaongeza nini."

"Hapo... hakuna."

"Nikikwama katikati, naweza kutoa?"

"Hapana."

"Na mwenye duka la mabati atanisubiri kwa bei ya leo?"

Karani alicheka. Hedwiga hakucheka.

"Tupe fedha zetu."

Walinunua mabati siku hiyo hiyo. Masika yalipofika, watoto walilala pakavu. Siku hizi fedha ya tangawizi anayolima Hedwiga huiweka kwenye amana ya muda maalumu, na asilimia huisoma mwenyewe kabla ya kutia saini.

Mwaka ule wa kwanza, fedha za Eliufoo zingenunua mabati arobaini, nyumba nzima. Zilinunua thelathini. Riba ya asilimia nane kwa miaka mitatu ingekuwa elfu hamsini na saba na mia sita, yaani mabati saba. Chumba cha nne, kile alichomtengea mama yake, kiko wazi mpaka leo.

Yamepungua mabati kumi. Na mama mmoja, aliyefia chini ya nyasi.